Barua ya wazi: mtoto anayeziba masikio hajakataa muziki

Kwa viongozi wa elimu ya awali na msingi nchini Tanzania: wizarani, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Taasisi ya Elimu Tanzania, na wathibiti ubora wa shule katika kila wilaya.

YAH: UFUNDISHAJI WA MUZIKI KWA WATOTO WENYE HISI KALI KATIKA DARASA LA AWALI, LA I NA LA II

Ndugu viongozi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni walimu wa muziki na wa elimu maalum wa watoto wa miaka minne hadi minane. Jambo letu ni moja. Katika shule nyingi somo la muziki huhesabiwa kuwa limefana likisikika mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Darasa linaloimba kwa kupasua koo huonekana lina ushiriki, na darasa la sauti ya chini huonekana limelala. Kwa kipimo hicho mwalimu haoni sababu ya kuteremsha sauti hata akimwona mtoto amejikunja pembeni na viganja masikioni. Tunaomba kipimo kibadilike, na kibadilike kwa maandishi, ili mwalimu anayefundisha muziki kwa upole asionekane mzembe.

Tunaowazungumzia ni watoto ambao milango yao ya fahamu hupokea mambo kwa ukali kuliko ya wenzao. Kiti kikiburutwa kwenye sakafu ya saruji, wao huumia. Wengi wana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano. DSM-5, mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani 2013, unataja kuhisi kupita kiasi au kuhisi kidogo mno kuwa moja ya dalili za usonji. Lakini si wote. Wapo waliozaliwa njiti, wapo wenye ugonjwa wa masikio, na wapo ambao hawana jina lolote la hali yao na hawalihitaji ili wasaidiwe. Mwalimu asijipe kazi ya kutambua ugonjwa. Ila mtoto anayetoka usaha sikioni, au aliyeanza ghafla kuogopa sauti alizokuwa akizivumilia, apelekwe kwanza kituo cha afya akaangaliwe masikio. Hata mtoto mwenye usikivu hafifu anaweza kuumizwa na kelele: sauti ndogo haipati kabisa, ikipandishwa kidogo inamfikia yote kwa mkupuo.

Kuziba masikio, kukimbilia mlangoni, kuingia chini ya dawati, kumsukuma mwenzake mwenye manyanga: huo ni mwili unaojikinga. Kumwondoa mikono masikioni kwa nguvu ni kumnyang'anya kinga pekee aliyonayo. Kumchapa ni kumfundisha kwamba muziki na maumivu huja pamoja, na somo hilo hataliacha mapema. Tumeona pia kosa la upande wa pili, la huruma: mtoto hutolewa nje kila kipindi cha muziki "apumzike", na mwaka unaisha hajawahi kugusa ngoma. Huyo naye amenyimwa.

Tuanze na chumba, maana nusu ya tatizo imo humo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999 kuhusu kelele, lilipendekeza mwangwi wa darasani usizidi takriban sekunde 0.6. Chukueni darasa la mita 7 kwa 9, kuta za mita 3, plasta, sakafu ya saruji. Ujazo wake ni mita za ujazo 189. Kwa hesabu ya kawaida ya mwangwi, likiwa na watoto 45 na madirisha yamefungwa, sauti hudumu takriban sekunde 1.5 kabla ya kufa. Maana yake kila pigo la ngoma hukuta pigo lililotangulia bado linazunguka, na mtoto hupata rundo la kelele badala ya mdundo. Fungueni madirisha yenye jumla ya mita za mraba 10, mwangwi hushuka hadi karibu sekunde 1. Tundikeni vitambaa vizito, blanketi kuukuu au magunia ya katani yaliyokunjwa mara mbili, jumla ya mita za mraba 20, yakae sentimita 10 kutoka ukutani, mtafika karibu sekunde 0.75. Nafasi hiyo ya sentimita 10 ni muhimu, kwa sababu kitambaa kilichobanwa ukutani hakinyonyi sauti za kati na za chini. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani zinasifiwa sana, lakini hunyonya kidogo mno na hushika moto. Msitumie fedha wala nguvu huko.

Njia nafuu zaidi ni kutoka nje. Chini ya mwembe hakuna kuta za kurudisha sauti, na kila umbali ukizidishwa mara mbili sauti hupungua takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mtoto aliyeko mita 8 kutoka kwenye ngoma hupata pungufu ya desibeli 12 kuliko aliyeko mita 2, na tofauti hiyo ni kubwa kwa sikio. Uchaguliwe mti ulio mbali na barabara, na watoto wakae wakilipa jua kisogo, kwani mwanga mkali wa uwanjani huwachosha wengine kabla wimbo haujaanza. Mvua ikinyesha juu ya bati lisilo na dari, ngoma ziwekwe chini siku hiyo. Mwalimu atapandisha sauti ishinde mvua, watoto watapandisha zao zimshinde mwalimu, na mtoto mwenye hisi kali hatabakiwa na pa kukimbilia. Afadhali kipindi kiwe cha kuigiza wimbo kwa mikono bila sauti.

Simu nyingi zina programu ya kupima kelele. Haipimi kwa uhakika wa kifaa cha maabara, lakini inatosha kuonyesha njia. Isomwe usawa wa sikio la mtoto, si la mwalimu aliyesimama. Maongezi ya kawaida ni kama desibeli 60. Tunapendekeza uimbaji ubaki kati ya 65 na 75, na pigo lolote lisipite 85 pale mtoto alipoketi. Ngoma moja ikipigwa kwa fimbo tupu ndani ya chumba hupita hapo bila shida, basi fikirieni ngoma sita.

Lakini ukubwa wa sauti si kila kitu. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kwa sauti nyembamba za kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 5,000, na ukali wa kipyenga na wa vigelegele huangukia humo. Ndiyo maana mtoto anaweza kukaa karibu na ngoma kubwa kwa furaha, kiganja chake kikiwa juu ya mti akiusikia mtetemo, kisha akaporomoka kwa kilio mtu mmoja akipiga kigelegele. Ngoma ilikuwa na mpangilio, kigelegele kilimvamia. Kipyenga kisitumike kabisa kuongoza darasa la muziki. Mwalimu ainue mkono wazi, asubiri, aushushe polepole. Makofi ya pongezi nayo ni mwanya uleule: mtoto mmoja akijibu vizuri, tisini wanaambiwa wampigie makofi matatu ya nguvu. Viziwi hushangilia kwa kuinua mikono na kutikisa viganja. Darasa zima linaweza kulijifunza hilo kwa dakika mbili, na watoto hulipenda. Wakitaka makofi yenye sauti, wapige kwa vidole viwili juu ya kiganja. Watoto 90 wakifanya hivyo pamoja, sauti yake ni ya manyunyu juu ya majani ya mgomba.

Kuhusu ala, watu hudhani tunadai vitu vya kuagiza. Hapana. Ndoo ya plastiki ya lita 10 iliyogeuzwa juu ya kanga iliyokunjwa hutoa sauti nene na fupi. Kopo la maziwa la bati hulia kwa ukali unaochoma, na liachwe. Fimbo iwe ya sentimita 25, ncha yake ifungwe vipande vya khanga vyenye upana wa sentimita 3 mpaka ifikie ukubwa wa limau, kisha ikazwe kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Mpira ukae shinoni mwa fundo, mbali na mkono, kwani wapo watoto wasiovumilia kugusa mpira. Manyanga hutengenezwa kwa chupa ya maji ya nusu lita. Vijiko viwili vya mchele au ulezi hunong'ona, mahindi huongea, kokoto hupiga kelele. Anzeni na ulezi. Kifuniko kipakwe gundi na kufungwa utepe mara tatu, kwa sababu atakuwepo wa kukifungua kwa meno, na punje za mahindi zinaweza kumpalia.

Malimba ya Wagogo, ala ya vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba, yanafaa kuliko ala yoyote tuijuayo kwa kazi hii. Sauti yake ni ya chini, mpigaji anaishikilia mwenyewe mapajani, na kidole gumba kikiondoka sauti inakufa polepole bila kukatika. Kama yana vipande vya bati vya kutetemesha, vifungwe kwa kitambaa mwanzoni, vifunguliwe mtoto akishayazoea. Zeze lina mvumo mzuri, ila mkwaruzo wa upinde wake huwakera wengine, hivyo mtoto alisikilize kwanza kwa mbali.

Ngoma yenyewe iingizwe hatua kwa hatua. Siku ya kwanza iwepo tu, mahali pa wazi, haipigwi. Mtoto anaweza kuizunguka, kuigusa mti, au kuitazama kutoka mlangoni. Kipindi kinachofuata ngozi ifunikwe kanga iliyokunjwa mara nne na mwalimu agonge kwa kidole kimoja, akihesabu kwanza kwa sauti: moja, mbili, tatu, du. Asigonge kabla ya tatu hata mara moja. Kisha mtoto mwenyewe ahesabu na kugonga. Hapa ndipo mambo hugeuka, kwa sababu sauti unayoianzisha mwenyewe ubongo wako umeshaitarajia, na mtoto aliyekimbia ngoma ya mwenzake mara nyingi huvumilia ngoma ileile akiwa yeye ndiye mpigaji. Baada ya hapo kunjua kanga mkunjo mmoja kila kipindi, halafu kiganja kwenye ngozi tupu, halafu fimbo iliyofungwa kitambaa, halafu ngoma mbili. Mtoto aanze mita 5 kutoka kwenye ngoma na achague mwenyewe lini asogee. Asipande hatua mpaka aliyo nayo ameifanya vipindi viwili mfululizo bila kuziba masikio.

Kinachoharibu mpango huu karibu kila mara ni haraka. Mtoto anacheka siku moja, mwalimu anafurahi, kesho yake anaondoa kanga yote na kupiga kwa fimbo. Kazi ya wiki tatu inarudi mwanzo, na safari ya pili huwa ndefu kuliko ya kwanza kwa sababu sasa hata mwalimu haaminiki. Jambo la pili ni kusahau kwamba uvumilivu wa mtoto hubadilika kila siku. Aliyelala vibaya, mwenye homa, au aliyetoka likizo arudishwe hatua moja bila kulaumiwa. Mwenye njaa pia. Kipindi cha muziki kiwekwe baada ya uji, si kabla yake. Mabadiliko haya ya ratiba hayagharimu chochote, na tunashangaa jinsi yanavyofanyika mara chache.

Si masikio peke yake. Ngozi ya ngoma iliyowambwa karibuni hunuka, na mtoto anayeikimbia huenda hakimbii mlio. Ianikwe kwenye hewa wiki kadhaa kabla ya kuingia darasani. Shanga za ala na njuga za miguuni huwasha, hivyo njuga zifungwe juu ya soksi au zishikwe mkononi. Nyimbo za kuzunguka huku watoto wameshikana mikono huleta mambo matatu kwa wakati mmoja: kizunguzungu, mguso na msongamano. Chora kwa chaki duara dogo la kila mtoto, katikati ya moja na jingine pawe na sentimita 60, na mahali pa kushikana mikono tumia kipande cha kanga, kila mmoja ashike ncha yake.

Tena wapo watoto wa upande mwingine, wanaohisi kidogo mno. Huyu hupiga ngoma mpaka fimbo ivunjike, hugonga kichwa, huwaparamia wenzake, na ndiye anayeitwa mtukutu. Huyu apewe kazi nzito kabla ya kipindi: abebe ndoo zote za ngoma, asukume meza, asukume ukuta kwa mikono miwili akihesabu hadi 20. Misuli ikishafanya kazi, hutulia. Akitaka kuyumbayumba wakati wa kuimba, ayumbe. Haumizi mtu.

Kipindi kiwe cha dakika 20, nyimbo nne, na mpangilio wake usibadilike muhula mzima: wimbo wa salamu kwa sauti ya chini, wimbo wa kukaa, wimbo mmoja wa kucheza, kisha wimbo wa kuagana ambao huishia mnong'ono. Mpangilio huo uchorwe kwenye ukanda wa kadi, picha nne kwa mfuatano, na picha ya wimbo uliokwisha igeuzwe. Mtoto anayejua kwamba wimbo wenye ngoma ni wa tatu na kwamba mmoja tu umebaki baada yake, huweza kuusubiri upite. Asiyejua hudhani hautaisha.

Pawe na kona ya utulivu, mita 1.5 kwa 1.5, mkeka chini na kanga imetundikwa mbele, mbali na mlango na spika. Mtoto aende mwenyewe na arudi mwenyewe, bila kuitwa jina wala kuhesabiwa dakika. Siku kona hiyo itakapotumiwa kumwadhibu mtu, imekufa, hakuna atakayeikimbilia tena.

Vikinga masikio vya mafundi ujenzi husaidia, na vilivyo bora hupunguza desibeli 20 au zaidi. Ila viwe vya kichwa cha mtoto, na vivaliwe kwa wimbo wenye ngoma tu. Akivivaa kutwa nzima, sikio huzoea ukimya na kila sauti ya kawaida huanza kuwa kali. Mtoto avivae na kuvivua mwenyewe.

Mtatuuliza, na ni haki: kiwango cha darasa la awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25, darasani wako 90, nani atayafanya haya? Jibu letu ni kwamba darasa kubwa ndilo linalohitaji mpangilio huu zaidi. Ala zisizidi 15. Thelathini wacheze na kupokezana ala, waliobaki waimbe na kupiga makofi ya vidole viwili, na makundi yabadilishane kila wimbo. Hilo linawezekana kwa mwalimu mmoja. Lisilowezekana ni ngoma kumi na mbili na kipyenga.

Mahafali ni sura ya peke yake. Mtoto aliyejengwa mwaka mzima hubomolewa asubuhi moja na muziki wa kukodi. Spika ziwekwe pembeni, zimeinuliwa juu ya vichwa vya watoto, na asiwepo mtoto ndani ya mita 6 mbele yake. Mshereheshaji ajaribu kipaza sauti kabla watoto hawajafika, kwa sababu ule mlio wa kipaza sauti kilichoelekezwa kwenye spika ni mojawapo ya sauti mbaya kuliko zote kwa watoto hawa. Maputo yasiwepo. Tatizo si rangi zake. Mtoto aliyewahi kusikia moja likipasuka hukaa akisubiri la pili na hasikii kingine. Mazoezi yafanyike mara tatu mahali penyewe, bila spika, kisha kwa spika ya chini. Mtoto asimame mwisho wa mstari, aingie wa mwisho, atoke wa kwanza, na kazi yake ikiwa kushika bango wakati wenzake wanaimba, ameshiriki.

Msingi wa kisheria mnao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu 2009, ambao ibara yake ya 30 inagusa utamaduni, burudani na michezo, ikiwamo ya watoto shuleni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilifuata 2010. Mtaala wa elimu ya awali wa 2016 uliweka kumudu stadi za kisanii miongoni mwa umahiri wa mtoto. Kilichokosekana ni maelekezo yanayofika mkononi mwa mwalimu.

Kwa hiyo tunaomba fomu ya uthibiti ubora itambue kuwa kutazama, kushika ala, kuyumba na kusikiliza ukiwa kwenye kona ni ushiriki, na iulize swali moja jipya: ni watoto wangapi waliondoka au kuondolewa katika kipindi hiki, na walirudi? Tunaomba Taasisi ya Elimu iweke kurasa chache za hatua hizi katika kiongozi cha mwalimu, zenye michoro. Chuo cha Ualimu Patandi kina ujuzi wa elimu maalum na TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ina ujuzi wa ala zetu. Waandae pamoja mafunzo ya siku mbili kwa maofisa elimu kata, mafunzo ya kutengeneza fimbo na manyanga kwa mikono, si ya kutazama ukutani. Ramani za madarasa mapya ya awali ziwe na dari, na kengele ya shule, ile rimu ya gari inayogongwa kwa nondo, isitundikwe nje ya dirisha la watoto wadogo. Hili la mwisho linaweza kufanyika wiki hii, kwa kamba na ngazi.

Tuko tayari kuonyesha kipindi kizima, cha dakika 20, mbele ya yeyote kati yenu, katika darasa la kawaida lenye watoto wote. Tunaomba tu mgeni aingie kabla ya wimbo wa salamu na akae chini mkekani.

Wenu katika malezi ya watoto,

Walimu wa muziki na wa elimu maalum, madarasa ya awali

Nakala: Maofisa elimu kata; walimu wakuu; kamati za shule; wazazi na walezi.